Jinsi ya kumsomesha mtoto kisiwa cha Pemba: karatasi ya manila, beseni la maji na safari nne

Kila ikifika Agosti nyumba yangu hapa Wete hujaa wajukuu. Wa Mombasa huja na mabegi ya skuli, wa Muscat huja na nguo mpya, na wote wanaijua Pemba kwa kipande kile kile: mwembe wa uani, kisima, na barabara ya kwenda Chake. Nimesomesha jiografia na historia miaka 31 katika skuli za kaskazini ya kisiwa hiki. Huniuma nikikutana na mtoto wa Kipemba anayeweza kunitajia mito ya Ulaya, lakini hawezi kunieleza kwa nini babu yake alilima karafuu na si mkonge. Kwa hiyo kila likizo tunafanya kazi hii ninayoieleza hapa. Mzazi yeyote anaweza kuifanya, hata kama hakupata kuwa mwalimu. Jambo la kushika ni moja tu: kila mwaka utakaomtajia mtoto, mpeleke mahali pa kuusimamia. Tarehe isiyo na mahali haikai kichwani.

Anza na karatasi. Nunua manila nyeupe, penseli na rula ndefu. Pemba ina urefu wa yapata kilomita 67, na pale palipo papana ni kama kilomita 22. Mwambie mtoto kwamba sentimita moja ni kilomita moja, achore mstari wa sentimita 67 kutoka juu hadi chini. Kisiwa kizima kinaingia kwenye manila moja, na mtoto anakiona kwa ukubwa wa mwili wake mwenyewe, si ile nukta ya kijani iliyo pembeni mwa ramani ya Tanzania.

Sasa ilaze karatasi sakafuni. Weka kikombe sentimita 50 kutoka chini ya karatasi, upande wa kushoto: hapo ndipo inapoanza Unguja, Ras Nungwi. Tandika kanga sentimita 50 hivi upande wa kushoto wa karatasi: huo ndio mrima, Tanga na pwani yake. Upande wa kulia usiweke kitu. Mwache aangalie ile sakafu tupu, halafu mwambie kuwa huko hakuna ardhi mpaka uvuke bahari yenyewe. Mjukuu wangu mmoja alitambaa na kidole mpaka mlangoni, akaniuliza, "Bibi, na hapa nje?" Nikamwambia bado ni maji.

Mwambao wa magharibi uchoreni polepole, kwa sababu ndio wenye habari. Una vidole: ghuba na rasi, visiwa vimetawanyika mbele yake. Kutoka juu kuna Ras Kigomasha, kisha visiwa vya Njao na Fundo vinavyoikinga bahari ya Wete, kisha Mtambwe, kisha ulimi mrefu wa Ras Mkumbuu, kisha ghuba inayoingia ndani mpaka Chake Chake, na Misali iko peke yake nje. Chini kuna Mkoani, Makoongwe na Kisiwa Panza. Mashariki chora Kojani na rasi ya Kiuyu. Mtoto akimaliza mwulize: ungekuwa na jahazi, na upepo umechafuka, ungekimbilia upande gani? Atakuonyesha magharibi mwenyewe bila kuambiwa. Miji yetu mitatu ya leo, Wete, Chake na Mkoani, yote imejibu swali hilo kwa namna hiyo hiyo.

Mambo ya utawala yamalize kwa dakika tano. Mikoa miwili, wilaya nne: Micheweni na Wete kaskazini, Chake Chake na Mkoani kusini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 272,091 Kaskazini Pemba na 271,350 Kusini Pemba. Mwambie ajumlishe, aandike pembeni: 543,441. Inatosha.

Linalotaka muda ni beseni. Chukua beseni kubwa na udongo wa mfinyanzi. Upande mmoja wa beseni tengeneza pwani ya bara. Karibu nayo finyanga kisiwa kimoja, na kati yake na bara tandaza udongo wa kina kifupi. Hicho ni Unguja. Kingine kiweke peke yake, kati yake na bara usiache udongo wowote, shimo tupu. Hicho ni Pemba. Jaza maji mpaka vyote viwili viwe visiwa. Kisha chota maji kwa kikombe, kidogo kidogo, mtoto akiangalia. Unguja itaungana na bara. Pemba itabaki kisiwa mpaka maji yakaribie kukauka.

Ndivyo ilivyotokea. Zama za barafu zilipofika kilele, kama miaka 20,000 iliyopita, bahari ilishuka mita 120 hivi. Mkondo wa Unguja una kina kifupi, kwa hiyo wanyama walivuka kwa miguu; ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui wake. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na haukukauka. Hatukupata chui. Tulipata wenye mbawa, na kwa kutengwa muda mrefu wakageuka kuwa wetu peke yetu: kuna ninga wa Pemba, bundi wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, na yule popo mkubwa mwenye manyoya mekundu. Kima punju utakaowasikia msitu wa Ngezi waliletwa na watu kutoka Unguja miaka ya 1970.

Popo wale mpelekeni mtoto akawaone Kidike, jioni, wakati wanapoamka. Utotoni mwangu walikuwa wakiliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuta wamebaki wachache mno, ikaogopwa kuwa wamekwisha. Vijiji vikajipanga kuwalinda, na baadaye wakahesabiwa zaidi ya 20,000. Nawaambia wajukuu zangu hili kwa fahari, kwa sababu waliofanya kazi ni majirani zetu, watu wa kawaida wenye mashamba na mitego iliyotupwa.

Safari ya kwanza ni Mtambwe Mkuu, na hapa lazima ujue maji. Mtambwe Mkuu ni kisiwa kidogo ng'ambo ya ghuba ya Wete. Maji yakipwa unavuka kwa miguu katikati ya mikoko. Mwaka wa mwanzo niliopeleka wanafunzi nilihesabu kila kitu isipokuwa mwezi. Tulifika saa tatu asubuhi, watoto 40, na maji yalikuwa yamejaa tele, kwa sababu mwezi ulikuwa umeandama siku saba tu. Yalikuwa maji mafu, na siku kama hizo asubuhi ndiyo yanajaa. Tulikaa chini ya mikoko tukila mihogo tuliyobeba, tukarudi bila kuvuka. Lilikuwa kosa langu, na watoto wale walipoteza siku. Tangu hapo nafuata kanuni ya wavuvi: nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Vuka saa tatu na nusu, na saa sita kasoro uwe umeshageuka. Mfundishe mtoto kuitafuta siku hiyo katika kalenda ya mwezi yeye mwenyewe. Atakuwa amejifunza jiografia zaidi kuliko mhula mzima.

Ukifika utaona mawe machache na makaburi. Ndipo umwambie: mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta hapa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, na dinari za dhahabu pamoja nazo. Sarafu zile zina majina ya watawala wa Kiislamu wa pwani hii, na ni za karne ya 10 na ya 11. Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki 1229, aliandika kuhusu al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani, akakitajia miji miwili, ambayo wanahistoria wanayasoma majina yake kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Mwambie mtoto aandike "Mtambwe" kwa penseli kwenye manila yake, halafu "karne ya 10" chini yake, akiwa amekaa pale pale juu ya jiwe. Mkumbuu yenyewe iko kwenye ule ulimi mrefu aliouchora. Ina msikiti uliovunjika na makaburi ya nguzo, na ukipata mashua kutoka Chake ni safari ya kufurahisha.

Safari ya pili ni Tumbe na Chwaka, kaskazini. Panda gari ya Konde, shuka Tumbe asubuhi mapema ili mtoto aone soko la samaki kwanza, maana ni soko kubwa la samaki Pemba. Mwonyeshe jodari na nguru wanavyonadiwa. Kisha nendeni magofu ya Chwaka, ambayo watu huyaita Haruni, kwa Harun bin Ali, anayesimuliwa kuwa mwana wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Karibu yake kuna makaburi ya ukoo wa Mazrui, ambao waliitawala Pemba kutoka Mombasa mpaka majeshi ya Sayyid Said, mtawala wa Oman, yalipowatoa katika miaka ya 1822 na 1823.

Lakini ninachokipenda mimi pale si makaburi. Ni wali. Walipochimba Tumbe, kijiji cha karne ya 7 mpaka ya 10, walichuja udongo na kukuta mbegu zilizoungua za mawele. Chwaka, ambayo ni mji wa baadaye, palitawala mchele. Maana yake kuna kizazi cha wazee wetu walioacha mawele wakashuka mabondeni kupanda mpunga. Mchukue mtoto mpaka bonde lolote la mpunga njiani, ashike udongo wake mweusi, kisha umpeleke upande wa Micheweni akanyage ile ardhi ya mawe ambayo jembe linalia kila ukipiga. Mbele yake ataiona sababu: magharibi na katikati ni vilima vya udongo mzito na mabonde yenye maji, mashariki ni mawe ya matumbawe. Mwache ajaze manila kwa rangi mbili. Siku hiyo mchana mpikieni wali kwa nazi, aukumbuke.

Kama muda upo, endeleeni mpaka Ngezi mkaone mpapindi, mti mwembamba wa Pemba wa jamii ya minazi, kisha Kigomasha kwenye mnara wa taa. Kama haupo, rudini.

Safari ya tatu ni Chake na Pujini. Chake ingieni ngome kongwe, ambayo siku hizi ni makumbusho. Watoto huchoka na vibandiko vya maelezo, kwa hiyo mpe mtoto kazi ya kutafuta kitu kimoja tu ambacho amekwisha kukigusa mwenyewe: kigae au jiwe la msikiti. Pujini iko kusini mashariki ya Chake. Pana boma la udongo na mawe la karne ya 15, na masimulizi yanamtaja Muhammad bin Abdulrahman, Mkama Ndume, anayekamua wanaume. Wazee husimulia kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kisima chake kina ukuta katikati, kwa kuwa wake zake wawili hawakuonana: mmoja alishuka kwa ngazi, wa pili akateka kwa kamba na ndoo. Mwambie mtoto lipi ni masimulizi na lipi limechimbuliwa. Wachimbaji walikuta chumba cha chini ya ardhi chenye picha ya siwa, baragumu la watawala, ukutani, na kile ni cha kushikika. Vyote viwili ni mali yake.

Ukibahatika mkaangukia siku ya mchezo wa ng'ombe, huko huko Pujini au Kengeja au Chwale, badilisha ratiba yote. Huyu si ng'ombe wa kuchinjwa. Anachezwa, wanawake wanaimba, vijana wanaruka, mwisho anarudishwa kwake. Watu husema tumeurithi kwa Wareno, waliokaa pwani hii karne ya 16 na ya 17. Mtoto asimame mbali, kwenye uzio.

Safari ya nne haina gari. Ni jamvi la karafuu, uani kwako au kwa jirani, na hapa ndipo nataka uchukue siku nzima.

Msimu ukiwa umeanza, omba karafuu mbichi zikiwa bado na makonyo yake. Mkalishe mtoto kwenye jamvi kati ya kina mama. Kuchambua ni hivi: shika kichala kwa mkono wa kushoto, kiegemeze kwenye kiganja cha kulia, zungusha kidogo, na karafuu zitadondoka peke yake, konyo linabaki mkononi. Karafuu upande huu, makonyo upande ule. Mara ya mwanzo atazivunja vichwa. Mwache. Baada ya saa moja vidole vyake vitakuwa vyeusi na harufu haitatoka hata kwa sabuni, na hapo kina mama watakuwa wanasimulia, mtoto ameshasahau kuwa yuko darasani. Mpimie karafuu mbichi kilo tatu kwenye mizani, aziandike. Azianike mwenyewe kwenye jamvi, aziingize ndani wingu likitokea, azitoe tena, siku nne au tano mpaka zikivunjwa zinalia. Apime tena. Atakuta imebaki kama kilo moja. Makonyo yasitupwe, huko Wawi kuna kiwanda kinachoyakamua mafuta.

Akiwa anachambua, mwambie habari ya 1872. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Unguja ndiyo iliyokuwa na mashamba makubwa. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa. Bei ikapanda, na kila mwenye uwezo akaanza kupanda huku. Mkarafuu hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, kwa hiyo haikuwa kazi ya siku moja, lakini tangu wakati huo Pemba ndiyo iliyobeba karafuu ya Zanzibar. Mti ulio nyuma ya nyumba yako una sababu yake: upepo uliopita kilomita chache kusini.

Mwambie pia nani aliyeipanda. Watu wengi wanapofika hapa hupita haraka, mimi sipiti. Mashamba yale yalipandwa na kuvunwa na watumwa walioletwa kutoka bara, na wengi waliletwa Pemba baada ya kimbunga kile. Amri ya kuondoa utumwa kisheria ilitoka Aprili 1897, na hata hapo mtumwa ilibidi aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake. Nyanya ya mama yangu alikuwa mmoja wao. Babu wa baba yangu alikuwa na shamba. Wote wawili wamo katika damu ya wajukuu zangu, na niliwaambia juu ya jamvi, mikono yetu ikifanya kazi. Mkubwa wao alinyamaza muda, kisha akauliza jina la yule nyanya. Nikamwambia jina ninalolijua, akaliandika kwenye manila, kwenye kilima cha nyuma ya nyumba yetu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali na watu wakagaiwa eka tatu tatu. Kama ukoo wenu una eka tatu, mpeleke akatembee mipaka yake na mzee anayeijua. Na mweleze kuwa kwa sheria karafuu inauzwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, asije akashangaa kusikia neno magendo.

Mambo madogo ya kushika. Kila kijiji chenye magofu mpigie hodi sheha, kiongozi wa serikali wa mahali hapo, kwanza. Ni adabu, na mara nyingi atakutolea mzee wa kuwaongoza. Watoto wavae nguo za heshima, na viatu vya kufunika vidole kwa ajili ya chaza kwenye mikoko. Misikiti ya kale bado ni misikiti kwa wenyeji. Msipande juu ya kuta. Safari msiziunganishe siku mfululizo, pumzikeni siku moja katikati ili mtoto achore alichokiona kabla hajaona kingine. Na mkivuka kwa boti kutoka Unguja, mwonyesheni pale Nungwi inapoachwa nyuma na bahari inapobadilika. Ni mkondo wenye nguvu. Septemba 2011 meli iliyokuwa ikija Pemba ilizama huko usiku, na hakuna mtaa hapa Wete usiokuwa na jina la kulisomea. Sisi husoma Fatiha tukipita.

Karatasi ya manila huchanika kwenye mikunjo. Ibandikie kitambaa cha kanga nyuma kwa uji wa unga wa ngano, ianike kivulini, kisha iviringishe ndani ya bomba la plastiki. Ya mjukuu wangu wa Muscat ilisafiri hivyo na ikafika salama. Upande wa mashariki ameacha tupu palipo Kojani, kwa sababu mwaka jana hatukupata nafasi ya kuvuka. Agosti hii bamvua inaangukia wiki ya pili, na ameshanipigia simu kuuliza saa.